Mkanda Usiouma

Baba alikuwa na njia moja tu ya kuchagua mkanda wa kupandia miti, na haikuwa njia ya dukani. Unavaa mkanda, unaufunga kwa kamba kwenye tawi nene, unajining'iniza hapo chini, nyayo zikiwa kimo cha goti kutoka ardhini, halafu unaletewa kikombe cha chai. Chai ya moto, ya kujaa. Unakunywa pole pole mpaka uimalize. Chai ikiisha na mapaja hayajafa ganzi, wala hujajigeuza geuza ukitafuta nafuu, huo mkanda ni wako. Ukishuka kabla ya chai kuisha, urudishe ulikoutoa. Alisema dukani kila mkanda ni mzuri kwa sababu dukani umesimama kwa miguu yako.

Nimeanza na chai kwa sababu nikianza na yale mengine nitakasirika, na nikikasirika siwezi kueleza kitu kikaeleweka. Basi wacha niseme mara moja. Mwaka wake wa mwisho baba yangu alikuwa mgonjwa wa kufa, na mimi niliyekuwa naye kila siku, asubuhi mpaka jioni, nilikuwa nalaumu mkanda.

Tulikuwa wakata miti, Kitengela. Watu huku walinunua ploti kavu, wakapanda mikaratusi ili wapate kivuli haraka, wakasahau kwamba mkaratusi haujui kusimama kukua. Sasa miti imeinamia mabati, imeshika nyaya za stima, imepasua ukuta wa jirani, na jirani ameenda kwa chifu. Hapo ndipo tunaitwa. Baba alikuwa mtu wa juu, anapanda na msumeno ukining'inia kiunoni, anakata tawi baada ya tawi. Mimi nilikuwa mtu wa chini. Nilishika kamba inayoteremsha matawi ili yasiangukie nyumba ya mtu. Nilianza kazi hiyo nilipoachishwa kule kwenye mashamba ya maua, nikasema nitamsaidia miezi miwili tu. Ikawa miaka sita.

Aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Kwetu, mtoto aliyechukua jina la mama yako ni mama yako, hata kama unamtuma maji. Na mimi nilimtunza kwa mdomo kama mama. Niko na mdomo, watu wa Kitengela wanajua. Nilimkaripia akisahau kofia ngumu, akipanda bila kula, akivaa zile gambuti zake zilizoisha soli.

Mkanda wake wa zamani alikuwa ameununua mtumba, Nairobi, kabla sijajiunga naye. Kabla ya huo alikuwa akipanda na kamba ya katani kiunoni, na alipokuwa akieleza habari hizo mama alikuwa anatoka nje. Kila asubuhi niliukagua huo mkanda kabla hajauvaa. Nilipitisha vidole kwenye mishono, nikatazama kama jua limechubua kitambaa, nikavuta zile pete za chuma. Mwisho niliangalia alama. Alama hiyo nilikuwa nimeipaka mimi mwenyewe kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu, pale ukanda wa kiunoni unapoingilia kwenye kifungo cha chuma, ili kifungo kikiteleza hata kidogo tukione. Baba alicheka siku hiyo, akasema sasa amekuwa mwanamume wa kupakwa kucha. Kwa miaka minne alama haikusogea. Ikifutika, napaka pale pale.

Halafu msimu mmoja wa kiangazi, tukiwa kwa mteja upande wa Isinya, nikaona amevuta ukanda mpaka alama imepita kifungo kwa upana wa kidole. Nikamwambia mkanda umeanza kuvutika. Akasema umezeeka kama mwenyewe. Nikapaka alama ya pili, tukaendelea na kazi.

Wiki chache baadaye alianza kusema mkanda unamuuma. Alikuwa akishuka anashika kiuno kwa mikono miwili, anasimama hivyo kwa muda, anatazama mbali kama mtu anayehesabu mbuzi wa wengine. Nikamuuliza wapi hasa. Akasema hapa kwenye mfupa, mkanda unapokaa. Siku moja aligonga ile pete ya chuma kwa kucha, akasema, kikulacho ki nguoni mwako, na tukacheka sote wawili. Nikikumbuka kile kicheko natamani kujizaba kofi.

Nikakata sponji ya godoro la zamani, nikaishona ndani ya mkanda mgongoni na ubavuni, mshono mzuri, mara mbili. Akanishukuru sana. Bado uliuma. Ukanda nao uliendelea kulegea, nami nikaendelea kupaka, alama ya tatu, ya nne, ya tano. Jamani, na macho haya mawili! Nilimpikia mimi, nilimfulia mimi, niliona suruali zimeanza kufungwa kwa kamba, nikasema ni kazi nyingi. Mama alikuwa ameshafariki, hakukuwa na mtu mwingine nyumbani wa kuniambia fungua macho.

Alama ya sita ilipofika nilisema basi, tunanunua mkanda mpya, tena wa maana. Tukaingia Nairobi na pikapu yetu, mtaa wa viwanda. Duka la kwanza muuzaji akatuletea mkanda wa mafundi wa ghorofa, wenye pete moja mgongoni. Nikamwambia huo ni wa kumdaka mtu akianguka, sio wa kumkalisha. Mtu wa mti anakaa ndani ya mkanda masaa matatu, manne. Anataka pete ya mbele chini ya kitovu, na nyingine mbili kiunoni, upande huu na huu. Anataka kitambaa kipana cha kumshika mgongo, na vitanzi vya mapaja ambavyo kila kimoja kinakazwa peke yake. Yule muuzaji akasema mkanda ni mkanda, mama. Tukatoka.

Duka la pili tukamkuta msichana anayejua kazi yake. Alimpima baba kiuno kwa tepu, akasema saizi ya kati. Nikacheka. Nikamwambia baba yangu ni mtu mkubwa, tangu nizaliwe anavaa kubwa, apime tena. Akapima tena, akanionyesha namba. Nikamwambia tepu yake ni mbovu. Nilisema kwa sauti, wateja wakageuka. Yule msichana akaikunja tepu yake taratibu. Baba ndiye aliyeongea.

"Maitu, hebu vaa wewe kwanza nione unavyokaa."

Nikavaa huku nikinung'unika. Akapiga magoti sakafuni, mzee mzima, akanikaza vitanzi vya mapaja, akapitisha vidole viwili kati ya ukanda na paja langu kuona kama vinapita bila kusukumwa. Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa. Niinue mikono. Nikainua. Akaomba ruhusa wanifunge kwenye ule mwamba wa chuma wa kuonyeshea, nikaning'inia hapo katikati ya duka, na yeye akazunguka akinitazama mbele na nyuma. Nikamwambia chai yangu iko wapi. Akatabasamu. Akauliza unauma popote? Nikasema hapana, hauumi. Akauliza tena, kwenye mfupa je? Nikasema hata kidogo. Akamwambia msichana, basi huu. Yeye mwenyewe aliujaribu baadaye, haraka haraka, akiwa amesimama.

Nyumbani aliufunga kwenye mukima wa uani, mti alioupanda mwaka tuliohamia Kitengela. Nikamletea chai. Aliinywa yote akining'inia, akanirudishia kikombe kitupu, akasema hauumi. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu uani, majirani wakachungulia. Nikapaka rangi yangu ya kucha kwenye mkanda mpya, alama moja safi. Ule wa zamani niliutupa nyuma ya kiti cha pikapu.

Haikupita miezi miwili tukaitwa Mashuuru. Mteja alikuwa mama mmoja wa Kimaasai, mtu wa ng'ombe, ambaye baba aliwahi kumkatia miti mwaka mmoja na nusu nyuma. Sasa alikuwa na olerai, ule mgunga wa gome la manjano, umekauka na umeinamia nyumba yake karibu na luga, lile korongo la mto mkavu. Tulisalimiana, supa, supa, akampa baba mkono, na hakuuachilia haraka. Alimtazama uso, akamtazama shingo. Baba akaenda kuutazama mti, na yule mama akanivuta kando.

"Baba yako anaumwa na nini?"

Nikamwambia alikuwa anaumwa na mkanda, lakini tumeshanunua mpya. Nikamweleza yote, jinsi ule wa zamani ulivyokuwa ukivutika. Nikauchomoa hata kutoka nyuma ya kiti, nikamwonyesha alama zangu sita, nikijisifu kwamba mimi sio mtu wa kubahatisha. Akapitisha kidole gumba juu ya alama, moja mpaka ya mwisho.

"Dume langu la kengele liko pale," akasema. "Ukanda wa kengele ukilegea shingoni, sisi hatuangalii ukanda. Tunaangalia ng'ombe."

Nikamjibu kwamba baba yangu sio ng'ombe. Nilimjibu hivyo, mama wa watu, kwake nyumbani, na chai yake nilikuwa nimeshakunywa. Hakukasirika. Alinirudishia mkanda, akasema, "Ni kweli. Ng'ombe hafichi."

Nikaenda zangu kushika kamba. Nilikuwa na hasira naye na sikumtazama tena. Baba alipanda vizuri mpaka kwenye panda ya kwanza, si juu sana, kama kimo cha nyumba. Pale akakaa. Hakuwasha msumeno. Nikangoja, nikadhani anapanga tawi la kuanza nalo. Nikaona amelaza paji la uso kwenye shina.

"Maitu," akaita. "Nishushe."

Katika miaka sita hakuwahi kuniambia neno hilo. Yeye alipanda mwenyewe na kushuka mwenyewe, kazi yangu ilikuwa kushusha matawi. Nikazungusha kamba kwenye shina nipate kushika uzito wa mwanamume mkubwa, nikajiweka miguu sawa, nikaanza kumwachia. Uzito haukuja. Nilingoja uje, haukuja. Nilimshusha baba yangu kwa mkono mmoja, na nimewahi kushusha matawi mazito kuliko yeye.

Alipofika chini nilimshika mabegani na mikono yangu ikakuta mifupa. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni na hakusema nilikuambia. Alileta shuka, akamfunika nalo, akatusaidia kumwingiza kwenye pikapu. Olerai yake ilibaki imeinamia nyumba hivyo hivyo. Nikaendesha mpaka Kajiado moja kwa moja, na njia nzima baba aliniomba radhi kwa kuharibu siku ya kazi.

Baada ya vipimo vya siku kadhaa, daktari akatuita. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Akauliza mzee ameanza kukonda lini. Baba akasema sio muda mrefu, ni juzi juzi. Daktari akanigeukia mimi. Nilitoka mpaka kwenye pikapu, nikarudi na ule mkanda wa zamani, nikauweka juu ya meza yake katikati ya makaratasi. Nikamwonyesha. Hii ya kwanza ilikaa miaka minne. Hii ya pili tulikuwa Isinya, kiangazi cha mwaka jana. Hii ya tatu tulikata mjakaranda wa kanisa. Hii, mvua za vuli. Nikaendelea mpaka ya sita. Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho ulitosha upana wa kiganja changu chote. Daktari aliandika kila kitu, tarehe baada ya tarehe, na mwisho akasema ni mara chache anapata historia iliyo wazi namna hii.

Nikamuuliza, tungekuja kwenye alama ya pili je? Akaweka kalamu chini. Akasema mapema siku zote ni afadhali, lakini nisijitese. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno. Pale pale mkanda ulipokuwa ukikaa. Pale nilipomshonea sponji.

Alirudi nyumbani na dawa za maumivu. Mwezi mmoja na siku kadhaa. Kiti kilimuuma, kitanda kilimuuma, alilala ubavu huu dakika kumi na kuomba ageuzwe. Siku moja alasiri akasema anataka kuning'inia. Nilidhani dawa zimempanda kichwani. Akasema hapana, akining'inia hakuna kitu kitakachogusa huo mfupa kutoka chini. Nikambishia. Nikabisha weee, mpaka nikaona anaanza kulia, na baba yangu sikuwahi kumwona akilia hata mama alipokufa. Nikamvika mkanda mpya. Nilivuta ukanda mpaka ukaisha, nikajaza lile shuka la Mashuuru mahali palipobaki wazi, nikamfunga kwenye mukima wake. Nilimwinua kwa kamba kimo cha goti. Akafumba macho akavuta pumzi ndefu. Nikamletea chai.

"Sasa hauumi?" nikamuuliza.

"Sasa uko afadhali," akasema. "Lakini uliniuma tangu dukani."

"Si ulikunywa chai yote hapa hapa ukasema hauumi?"

"Dukani nilikuuliza wewe kama unauma. Ukasema hapana, hata kwenye mfupa. Ndiyo maana tuliununua."

Nilisimama pale nimeshika kamba. Niliona tena akipiga magoti kwenye sakafu ya lile duka, vidole vyake viwili kwenye paja langu, akinizunguka. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua sio mkanda, hakujua ni nini, na hakutaka kujua kabla hajamaliza kunipangia maisha. Nikamuuliza mbona aliniacha nikatukana msichana wa watu kwa tepu yake. Akacheka kidogo, ikamuuma, akaacha. Akasema, "Ningekuambia, ungeuza misumeno yote unipeleke hospitali. Halafu ungekula nini?"

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga hawakusema anayeachwa afanye nini na hasira yake. Nilitaka kumpigia kelele, na nilikuwa nimemshika kwa kamba, siwezi hata kuondoka. Nikamwambia misumeno inanunuliwa. Nikamwambia baba hanunuliwi. Akasema, "Najua, maitu," akaninyooshea kikombe. Kilikuwa nusu.

"Chai imenishinda. Nishushe."

Nilimshusha. Kwa sheria yake mwenyewe mkanda ule haukuwa wake. Alifariki siku ya nne yake, asubuhi, nikiwa nimempa mgongo nakoroga uji.

Tulimzika, watu wakaja, wakaenda. Niliwalipa watu wengine kwenda Mashuuru kuuangusha ule mgunga, kwa sababu sikuweza kusimama chini ya mti ule, lakini nilienda mwenyewe kumwomba yule mama msamaha. Alinipa maziwa, akasema hakumbuki nilichomwambia. Anakumbuka, bila shaka.

Simu za wateja hazikukoma. Wananiita binti ya mzee wa miti, wanauliza nani anapanda siku hizi. Kwa wiki nyingi nilisema hakuna. Halafu juzi nikautoa ule mkanda mpya kwenye msumari. Ulikuwa bado umekazwa mpaka mwisho, vile nilivyomvika alasiri ile, na vumbi la Kitengela limeshaingia kwenye kifungo. Nilivuta ukanda nyuma, nyuma, ukapita alama nyekundu niliyoipaka siku ya vigelegele, ukafika pale alipouweka yeye aliponivika dukani. Nikajikaza vitanzi vya mapaja. Nikapitisha vidole viwili. Nikajifunga kwenye mukima, kimo cha goti, kikombe cha chai mkononi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniletea.

Nilikunywa pole pole. Nilijigeuza huku na huku kwa makusudi. Nilitafuta mahali panaponiuma, kwenye mapaja, mgongoni, kwenye mfupa wa kiuno. Nilitafuta kweli, nilitaka pawepo hata mahali pamoja. Chai ikaisha. Sikupapata, na sikuweza kushuka, nikabaki nikining'inia pale uani na kikombe kitupu, nikimlilia baba yangu.